Mkutubi, Likimbilie Gari

Ndugu zangu wakutubi wa Kibondo na Kasulu, walimu mliokabidhiwa ufunguo wa chumba cha vitabu juu ya vipindi vyenu vya darasani, makatekista na masista mnaotunza makabati ya parokia, vijana mnaojitolea kugawa vitabu Nyarugusu na Nduta: neno hili ni lenu. Lisomeni mkiwa mmekaa, kisha msimame mkalifanyie kazi.

Somo letu limo katika Matendo ya Mitume, sura ya 8. Filipo aliagizwa ashike njia ya kusini, ile inayoteremka kutoka Yerusalemu kwenda Gaza, njia ya jangwani. Huko akamwona Mkushi, mtunza hazina wa malkia Kandake, ameketi ndani ya gari lake anasoma kitabu cha nabii Isaya. Mtazameni Filipo hapo. Angeweza kusimama kando ya njia akangoja gari lisimame lenyewe. Angeweza kusema kwamba yeye ana mahali pake pa kufundishia, na mwenye shida ataulizia mpaka afike. Yeye alikimbia. Alikimbia mpaka masikio yake yakanasa maneno yanayosomwa, akamuuliza msomaji kama anaelewa, na msomaji akakiri kwamba hataelewa asipopata wa kumwongoza. Ndipo Filipo akakaribishwa, akapanda, akaketi naye, akaanza kueleza kuanzia pale pale msomaji alipokuwa amefika.

Kazi ya mkutubi imesimuliwa yote hapo. Kuna msomaji, kuna kitabu, na gari liko mwendoni. Na kuna mtu aliyekijua kitabu kile, anayetokwa jasho ili awe ubavuni kwa msomaji kabla gari halijapita.

Nanyi mnajua gari la leo ni lipi. Nendeni kijiweni kwa bodaboda pale Kibondo mjini asubuhi abiria wanapokuwa wachache: kila kijana ameinamia simu. Nendeni sokoni Kasulu, mkamtazame mama anayeuza maharage. Simu yake ameichomeka kwenye pindo la kitenge. Ikilia anaitoa, anasikiliza ujumbe wa sauti, anatikisa kichwa, anamwita mwenzake wa meza ya pili naye asikie. Tumezoea kulalamika semina hadi semina kwamba Watanzania hawasomi, na mimi nasema malalamiko hayo tuyaache leo. Watu wanasoma tangu alfajiri mpaka usingizi uwachukue. Swali ni wanasoma nini, na nani yuko nao.

Wanasoma kwamba kuna majani yanayomaliza kisukari, waache vidonge vya hospitali. Wanasoma tangazo la ajira linalomtaka kijana wa kidato cha nne atume hela ya usaili kwa namba ya simu. Wanasoma kwamba mtihani umevuja na unauzwa. Ujumbe umepita makundi mengi hata simu yenyewe inaonyesha kwamba umesambazwa mara nyingi, na hakuna mmoja aliyeuliza umetoka kwa nani. Ndugu zangu, nani amelikimbilia gari hilo? Nani amefika ubavuni akauliza: mwandishi wa haya ni nani, nani ameyatoa, mwaka gani? Maswali hayo ni yetu! Ndiyo tunayoyajibu kila tunapoandika kadi ya katalogi. Ndiyo waliyofundishwa wenzetu waliopita Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka cha Bagamoyo. Tumepewa elimu ya kutambua chanzo cha neno, tukaifungia ndani ya chumba chenye rafu nne, wakati nje watu wanaangamia kwa maneno yasiyo na chanzo.

Wala mtu asiniambie kwamba haya ni mambo mageni, ya vijana, yasiyo na mizizi katika nchi hii. Bodi ya Huduma za Maktaba iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere mwezi Desemba 1967. Miaka ile wengi wa wazazi wetu hawakujua kusoma. Je, wazee waliketi wakangoja watu wajue kusoma kwanza ndipo waletewe vitabu? Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Waliikamata redio, chombo kilichokuwa kimeanza kuingia vijijini, wakakifunga pamoja na kijitabu na kikundi. Watu wapatao milioni 2 walijiunga. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kazi. Kwa majuma 12 kikundi kilikutana, kikasikiliza kipindi, anayejua kusoma akawasomea wenzake sura ya kijitabu kwa sauti, wakajadiliana, na kabla ya kutawanyika wakaamua la kutenda. Vyoo vilichimbwa. Nyasi zilifyekwa kuzunguka nyumba. Mwaka 1975 utaratibu ule ule ukarudi na Chakula ni Uhai.

Angalieni viungo vyake: sauti inayofika mbali, maandishi yanayoaminika, watu wanaokaa pamoja. Leo sauti inayofika mbali imo mfukoni mwako. Maandishi yanayoaminika yako kwenye rafu yako. Watu wameshakaa pamoja tayari, katika grupu la wazazi wa darasa la saba, grupu la VICOBA, grupu la kwaya, grupu la msiba uliokwisha miaka miwili iliyopita na hakuna aliyetoka. Kinachokosekana ni mtu wa kuvifunga vitatu hivyo pamoja, na mtu huyo ni wewe.

Sasa niwaonyeshe kwa jambo moja, msije mkasema nahubiri hewani.

Muhogo ni uhai wa vilima hivi. Ndio unga wa ugali, ndio hela ya daftari na sare. Na muhogo una maadui wawili wakubwa, batobato na michirizi ya kahawia. Batobato humtisha mkulima kwa sababu anaiona: majani yanajikunja na kutapakaa mabaka ya manjano. Michirizi ya kahawia ni hatari kwa namna nyingine. Shamba linaweza kuonekana zuri kabisa. Majani ya chini yaliyokomaa yana umanjano kando ya vishipa, shina changa lina michirizi ya rangi ya kahawia, na mtu anapita tu. Siku ya kung'oa anakata muhogo na kukuta ndani umeoza, una mabaka makavu ya kahawia, hauliki wala hauuziki. Nzi weupe wanaueneza ugonjwa huu, na binadamu anaueneza zaidi anapoomba pingili kwa jirani bila kuchunguza shamba zilikotoka.

Haya yote yameandikwa. Yamo katika vijitabu vya kilimo vilivyochapwa kwa Kiswahili chepesi, vyenye picha, na ukifungua makabati ya shule zetu na ofisi zetu za kata utavikuta, vingine bado vimefungwa kamba ilivyokuwa siku vilipoletwa. Mkulima wa Mabamba anapoteza shamba. Dawa ya ujinga wake imo ndani ya kabati, kamba haijakatwa!

Mkutubi, kata kamba. Soma kijitabu chote wewe mwenyewe kwanza, maana hutaeleza usichokisoma. Kitoe nje kivulini, futa kioo cha kamera kwa ncha ya kanga, piga picha ukurasa wenye jani, wenye shina na wenye muhogo uliokatwa. Picha tatu zinatosha. Kisha subiri saa 12 jioni, watu wakiwa wametoka shamba, urekodi sauti yako kwa muda usiozidi dakika moja na nusu. Taja dalili kwa mpangilio ambao mkulima atazikuta anapoingia shambani: jani, shina, kisha mzizi. Sema asichukue pingili kwenye shamba lenye dalili hizo. Malizia kwa kutaja jina la kijitabu, nani amekitoa, mwaka wa kuchapwa, na kwamba kipo maktaba siku fulani saa fulani. Kwa bibi wa Heru Juu ambaye Kiswahili anakisikia kwa shida, rekodi ya pili kwa Kiha. Sauti yako mwenyewe, ile wanayoijua kanisani na msikitini, itaaminika kuliko sauti ya mtu wa mbali.

Jioni ile ile utapata majibu. Mmoja atatuma picha ya jani lake, akiuliza kama ndilo lenyewe. Hapo usijifanye bwana shamba. Filipo alieleza kitabu alichokijua. Wewe mpe ukurasa unaohusika, na umuunganishe na afisa ugani wa kata, ambaye namba yake uliiomba mapema na akakubali uitoe. Yaandike maswali yote kwenye daftari. Baada ya mwezi daftari hilo litakuambia watu wa kata yako wanataka vitabu gani, na utakapoandika barua ya kuomba vitabu utaandika ukijua unachoomba.

Ndiyo maana nawasihi mjifunze vyombo hivi kwa undani, kama mlivyojifunza kupanga vitabu kwa namba. Mtu asiseme anajua WhatsApp kwa sababu anapokea picha za harusi. Ajue kwamba katika grupu kila mmoja anaiona namba ya mwenzake, kwa hiyo ukimwingiza binti wa sekondari kwenye grupu la maktaba lenye watu mia nane, umemwanika kwa watu mia nane. Ajue kwamba kwenye chaneli wafuasi hawaonani namba, na kwamba orodha ya matangazo humfikia yule tu aliyeisevu namba yako. Mwenye kujua hayo anachagua chombo kulingana na msomaji. Asiyejua anafungua grupu, na baada ya wiki mbili linajaa matangazo ya mikopo na mabishano ya mpira, wenye akili wanatoka kimya kimya, na yeye anasema mtandao haufai kwa maktaba.

Najua mnayoyasema mioyoni. Bando ni ghali. Mtandao unasumbua ukishuka bondeni. Wanaokuja kwetu wengi wana kitochi, simu janja ni ya baba naye yuko safari. Nayasikia, na sitayapuuza, maana ni ya kweli. Umeme mwaka 2022 ulipiga hatua kubwa, gridi ya taifa ilipofika Kibondo na Kasulu na majenereta ya dizeli yakazimwa, lakini kijiji kilicho mbali na nguzo bado kinategemea sola. Kwa hiyo jifunzeni kwanza vile visivyokula bando.

Ipo programu iitwayo Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, ambayo hukuwezesha kuchukua Wikipedia nzima ukaisoma pasipo intaneti. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, ina makala zaidi ya 70,000, na zote zinaingia kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu. Unaipakua mara moja tu, mjini, kwa bando la usiku. Ukipata kompyuta ndogo ya bei nafuu inayorusha Wi-Fi, unaiweka mezani, na kila mwenye simu janja chumbani anasoma bila kuunga bando hata la shilingi moja. Shule ambayo haijawahi kumiliki ensaiklopidia inakuwa nayo asubuhi ya Jumatatu. Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandao, bure, na tangu mitaala mipya ianze kutumika mwezi Januari 2024 hakuna mwalimu asiyejua adha ya kufundisha kitabu ambacho nakala yake iko moja shule nzima. Pakueni, wekeni kwenye flashi, gawaneni. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, unatoa hadithi za watoto kwa Kiswahili kwa leseni inayoruhusu kuzichapa na kuzigawa. Mwalimu wa darasa la pili mwenye printa ya ofisi ya kata anaweza kuwapa watoto hadithi mpya kila mwezi. Na mwenye kitochi mtumieni meseji ya kawaida: kitabu ulichokiulizia kimerudi, njoo kabla ya Ijumaa. Meseji hiyo ni huduma ya maktaba kamili.

Kuna mwingine anasema umri umempita. Mama mkutubi, wewe uliyebakiza miaka michache ustaafu, nakuomba unisikilize. Mwaka 2006, katika maktaba ya umma ya Charlotte huko Marekani, mkutubi Helene Blowers aliona wafanyakazi wenzake wanaogopa vyombo vipya vya mtandao. Akawapangia mambo 23 ya kujaribu, madogo madogo, kila mtu kwa mwendo wake, anayekwama amuulize mwenzake wa dawati la pili. Aliyemaliza alipewa kifaa cha kusikilizia muziki. Mpango ule ukaigwa na mamia ya maktaba duniani. Vingi kati ya vyombo walivyojifunza mwaka ule leo vimekufa, hata majina yake vijana hawayajui. Walichobaki nacho ni kutoogopa. Chombo kipya kikija wanakifungua, wanakibonyeza, wanaulizana. Hicho ndicho nakitaka kwako, mama. Facebook inaweza kufa kabla hujachukua kiinua mgongo chako, na wewe uwe umeshajua namna ya kujifunza kitakachofuata. Kazi uliyonayo ya kumjua msomaji wako kwa sura, kujua kwamba yule mzee hupenda historia na yule binti anatafuta riwaya, hakuna kijana wa kompyuta anayeweza kukupa. Mwite huyo kijana akuonyeshe vitufe, nawe umfundishe wasomaji.

Jirani zetu wamekimbia kwa miguu ya kila namna. Mwaka 1996 maktaba ya taifa ya Kenya ilianza kupeleka vitabu kwa wafugaji wa Garissa juu ya migongo ya ngamia, kwa sababu wafugaji wanahama na jengo halihami. Mwaka 2014 maktaba ya masandukuni iitwayo Ideas Box ilianza safari yake ng'ambo tu ya mpaka wetu, Burundi, katika kambi za wakimbizi wa Kongo: inafika imefungwa, inafunguliwa, ndani kuna vitabu, tableti, kamera na intaneti.

Na hapa nizungumze nanyi mnaohudumu makambini, maana mzigo wenu naujua kuwa mzito kuliko wa wote. Nyarugusu imepokea Wakongo tangu mwaka 1996, na mwaka 2015 Warundi wakaongezeka, Nduta ikafunguliwa upya. Watoto wanaosoma hapo wanafuata mitaala ya kwao, kwa Kifaransa, ilhali vitabu vinavyopatikana kwa urahisi madukani Kasulu ni vya Kiswahili na Kiingereza. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu sasa ni mtu mzima, naye amesoma maisha yake yote kwa vitabu vya nchi asiyoiona. Kwake yeye mtandao ni njia karibu ya pekee ya kupata ukurasa wa lugha anayotahiniwa kwayo. Vyumba vya Instant Network Schools, vya Vodafone Foundation na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, vimefika Nyarugusu vikiwa na tableti na intaneti. Lakini tableti haijui kwamba binti fulani amefeli kemia mara mbili. Wewe unajua. Keti naye kwenye gari hilo. Mtafutie Kiwix ya Kifaransa, muonyeshe ukurasa, ubaki naye mpaka aelewe. Ukiondoka hapo bila kumfundisha kutafuta mwenyewe, siku akirudishwa kwao atarudi mikono mitupu.

Sasa yapo mambo ya uaminifu, na hapa nasema kwa ukali. Mkutubi asiwe mwizi. Makundi yamejaa PDF za vitabu vya waandishi walio hai, zimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na watu wanashukuriana kwa baraka. Ida Hadjivayanis alitutafsiria riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Nobel wa mwaka 2021, na Mkuki na Nyota wakaichapa kwa jina la Peponi mwaka 2022. Kazi hiyo ina gharama. Ukiwa na nakala moja, piga picha jalada, soma kwa sauti maelezo yako mwenyewe kuhusu hadithi, waambie watu waje kuiazima kwa zamu. Usiigawe kwa PDF. Atakayeua mchapishaji wa Kiswahili atakuwa ameziua rafu zake mwenyewe.

Pia tunza siri za wasomaji. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na daftari la kuazimisha ni taarifa binafsi. Mama aliyeazima kitabu cha kuishi na virusi vya UKIMWI asikutane na jina lake kwenye picha uliyoposti kuonyesha maktaba inavyofanya kazi. Mtoto asipigwe picha akatundikwa kwenye mtandao bila mzazi kuridhia. Na fungua ukurasa kwa idhini ya mkuu wako, kwa jina la maktaba, kwa laini ya maktaba. Nywila ziandikwe kwenye karatasi iliyofungwa katika sefu ya ofisi na kutajwa katika hati ya makabidhiano. Kurasa nyingi za taasisi zetu zimekufa siku ya uhamisho: aliyezifungua kapelekwa mkoa mwingine na simu yake, wasomaji wanauliza maswali, hakuna wa kujibu.

Liko jambo moja zaidi ambalo linanichoma. Fungueni Wikipedia ya Kiswahili mtafute kata yenu. Mtakuta mistari michache: ni kata ya wilaya fulani, msimbo wa posta, idadi ya watu kwa sensa. Basi. Hakuna wazee wake, hakuna shule yake ilianza lini, hakuna mito yake. Dunia ikiuliza habari za Kitanga au Busunzu inajibiwa kwa mistari hiyo, na mashine zinazojifunza kujibu maswali zinajifunza kwayo. Nanyi mna taarifa za wilaya, mna vitabu vya historia ya Buha, mna wazee walio hai wanaoweza kuwaelekeza kitabu cha kufungua. Tangu mwaka 2020 chama cha maktaba za Afrika, AfLIA, kimekuwa kikiwaita wakutubi wa bara zima katika juma la mwisho wa mwezi Mei, kila mmoja aongeze walau rejea moja ya kuaminika katika Wikipedia. Rejea moja tu! Kitabu, mwandishi, mwaka, ukurasa. Kazi hiyo mnaifanya mkiwa mmefumba macho. Kibondo na Kasulu wakiitikia mwito huo mwaka mmoja tu, makala za kata hizi hazitafanana tena na zilivyo.

Basi msitawanyike bila kuamua, kama vile vikundi vya Mtu ni Afya havikutawanyika bila kuamua. Kasulu mna vyuo viwili vya ualimu, Kasulu na Kabanga, na mna intaneti iliyo afadhali. Ninyi ndio mpakue: Kiwix ya Kiswahili na ya Kifaransa, vitabu vya TET, hadithi za watoto. Mviweke kwenye flashi zinazopanda gari la abiria kwenda Kibondo, na huko mtu mmoja azipokee na kuzigawa shule kwa shule. Kibondo ninyi mrekodi sauti za kilimo, maana mihogo yenu ndiyo inayoumia. Mzitume Kasulu wazitafsiri kwa Kirundi kwa ajili ya ndugu wa kambini, kwa msaada wa walimu wao. Anayeanza leo asianze na programu kubwa kama Koha, ingawa ni ya bure na ni nzuri. Mwenye vitabu 600 aanze na jedwali la kompyuta lenye safu sita, mwandishi, jina la kitabu, mahali, mchapishaji, mwaka na namba ya rafu, aingize vitabu 20 kila siku ya kazi. Katika miezi miwili atakuwa na katalogi anayoweza kuituma kwa simu kwa mwalimu yeyote wa wilaya nzima. Atakayemaliza wa kwanza ampigie wa shule ya jirani, amuulize amekwama wapi, na Jumamosi apande bodaboda akamfundishe.